Kabati la viatu la bomba na kitambaa: nunua la ngazi tano, liache la ngazi kumi

Kabati hili linajulikana kwa sura kuliko kwa jina. Linakuja ndani ya boksi bapa, na utalikuta kwa machinga wa Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, Eastleigh kule Nairobi, na zaidi siku hizi kwenye kurasa za Instagram zinazokuletea mzigo kwa bodaboda. Ukifungua boksi unakuta vibomba vya chuma chembamba vilivyopakwa rangi, viungio vya plastiki, vitambaa vya rafu, na joho la kitambaa la kufunikia lenye zipu mbele. Jina kwenye boksi hubadilika kila mzigo mpya unapoingia, bidhaa haibadiliki. Kwa hiyo kinachopimwa hapa ni aina, si chapa.

Hukumu kwanza. La ngazi tano lina thamani ya hela yake kwa ajili ya mlangoni. La ngazi kumi halina, ingawa ndilo muuzaji atakalolipigia debe. Vifaa vyake si vibovu zaidi, ni vile vile. Kinachoharibu mambo ni urefu, na vitu ambavyo urefu huo unawashawishi watu kuvirundika pale.

Hesabu ya jozi haiko kama boksi linavyosema

La ngazi kumi mara nyingi hunadiwa kuwa linabeba jozi 30. Chukua futi upime. Upana ni sentimita 60 hivi, kina 28 hadi 30, na kati ya ngazi na ngazi unabaki uwazi wa sentimita 15 au pungufu kidogo. Jozi moja ya raba za mwanamume, namba 42 au 43, inakula upana wa sentimita 21 mpaka 23 zikikaa ubavu kwa ubavu. Ngazi moja basi inabeba jozi mbili, na pembeni panabaki sentimita 14 hadi 18 za kuingiza kandambili za mtoto au kubaki tupu. Jozi tatu zinaingia ikiwa ni sandali za kike, viatu vya shule vya watoto, au simpo zisizo na soli pana. Kwa nyumba yenye watu wa rika mchanganyiko, kadiria jozi mbili na nusu kwa ngazi: kama 12 kwenye ngazi tano, 25 kwenye kumi.

Hapo vimo bado havijaguswa. Raba zinazofunika kifundo cha mguu zinafika sentimita 15 na kuzidi. Mchuchumio wenye kisigino cha sentimita 10 unafika 18. Gambuti haziingii kabisa. Kiatu kirefu kinakulazimisha kuruka ngazi moja, yaani kuacha vibomba viwili vya mlalo na kitambaa chake, na kila ngazi unayoiruka inapunguza ukakamavu wa kabati zima. Ukiruka mbili kwenye lile la kumi, linaanza kuyumba hata mlango ukifungwa kwa nguvu.

Kina nacho kina ujanja wake. Kiatu namba 44 kwa nje kina urefu wa sentimita 30 au 31. Kwenye kabati la kina cha 28, ncha inatokeza mbele na kulisukuma joho kila unapolifunga. Watu hulalamika kuwa zipu za makabati haya hazidumu. Mara nyingi zipu haina kosa, inavutwa na vidole vya viatu vikubwa. Weka hivyo kwa mshazari, au viweke ngazi ya chini kabisa na uache joho limefunguliwa sehemu hiyo.

Punguza kwanza, ndipo upime ukubwa wa kununua

Hapa ndipo hoja ya ngazi tano inaposimama. Mlangoni panahitaji viatu vinavyovaliwa wiki hii tu. Mpe kila mtu wa nyumba jozi mbili: ya kutokea na kandambili au yeboyebo za kukanyagia uani. Watu watano ni jozi 10, na ngazi tano zinabeba hizo na nafasi ya kupumua. Viatu vya harusi, vya Idi, vya Jumapili kanisani, vya michezo ya mara moja kwa mwezi, vyote mahali pake ni chumbani kwa mwenyewe. Viatu vya wageni navyo haviingii kwenye hesabu. Mgeni anavua kizingitini na anataka kuviona akitoka. Anachohitaji ni sakafu tupu ya kama mita moja mbele ya mlango, si rafu ndani ya zipu.

Toa kila kitu kwa siku moja. Tandika turubai au jamvi barazani, mwaga vyote, na wenye viatu wawepo. Kazi hii ikifanywa na mama peke yake, nusu ya vilivyotolewa vitarudi kwa mlango wa nyuma na lawama juu. Viatu vya watoto vijaribiwe mguuni, mtoto akiwa amesimama: kidole kirefu kikigusa mbele, vimekwisha muda wake hata kama ngozi inang'aa. Viatu vya kwenda kwa fundi viingie kwenye mfuko mmoja unaoning'inia kwenye kitasa, ili anayetoka kesho aubebe. Visipofika kwa fundi ndani ya wiki, havitafika.

Raba za zamani zilizohifadhiwa bila kuvaliwa zikunje soli kwa mikono kabla hujazigawa. Nyingi zina soli ya poliyurethani, ambayo joto na unyevu huioza taratibu hata kiatu kikiwa kabatini. Ikipasuka au kumwaga chenga kama mkate mkavu, tupa. Aliyepewa ataachwa peku njiani siku ya kwanza. Maboksi ya viatu pia yaondoke. Mikunjo ya ndani ya karatasi ngumu ndipo mende hupenda kujificha na kubandika mayai, na nyumba nyingi zinazopulizia dawa kila mwezi zimehifadhi mazalia yenyewe juu ya kabati.

Kuunganisha

Muundo wa kawaida unahitaji vibomba virefu viwili na viungio vinne kwa kila ngazi, na vifupi vinne vya kusimama kati ya ngazi na ngazi. Kwa ngazi tano ni virefu 10, viungio 20 na vifupi 16, ukiacha miguu na sehemu ya juu ya kushikia joho. Vya ubavuni, vile vinavyounganisha mbele na nyuma, vinatofautiana: baadhi ya makabati yanavyo kila ngazi, mengine juu na chini tu. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kabati litasimama imara au litacheza, kwa hiyo iulizie kabla ya kulipa.

Anza chini kupanda juu, juu ya sakafu iliyonyooka. Kitambaa cha rafu kina mifuko miwili mirefu pembeni. Pitisha vibomba vyote viwili ndani ya mifuko hiyo kabla ya kuvichomeka kwenye viungio. Anayechomeka kwanza na kukumbuka kitambaa baadaye atabomoa ngazi nzima. Chomeka kwa kusokota huku unasukuma. Nyundo usiiguse: plastiki ya kiungio hupata ufa mwembamba mdomoni usioonekana siku hiyo, halafu hufunguka wiki chache baadaye uzito ukishakaa.

Kibomba kikilegea ndani ya kiungio, zungushia selotepu mzunguko mmoja kwenye ncha ndipo ukisukume. Supaglu nayo inashika, lakini mpangaji anayehama kila mwaka aitumie ngazi mbili za chini tu, maana kilichogandishwa hakikunjiki tena kuingia kwenye boksi. Kabla ya kuchomeka, paka ncha za vibomba rangi ya kucha. Kutu ya makabati haya huanzia pale bomba lilipokatwa, ambapo rangi ya kiwandani haikufika, na kwa nyumba za pwani ya Tanga, Mombasa au Unguja ncha hizo huanza kuwa nyekundu mapema sana.

Sakafu za saruji karibu na mlango mara nyingi zina mteremko kidogo ili maji yatoke wakati wa kudeki. Kabati litainama mbele. Kata vipande vya soli ya kandambili iliyochakaa, uweke chini ya miguu ya mbele hadi linyooke. Mpira huo hautelezi, na unainua chuma kutoka kwenye maji ya deki. Miguu yote minne ipate kipande, hata ile isiyohitaji kuinuliwa.

Kama tayari unalo la ngazi kumi na huna mpango wa kulitoa, lifunge ukutani. Urefu wa sentimita 160 juu ya kina cha 30 ni mnara, na mtoto anayefuata kiatu chake ngazi ya sita ataupanda. Kwenye ukuta wa tofali za saruji tumia plagi ya milimita 8 na skrubu ya sentimita 5. Plagi ndogo huishia kwenye plasta, ambayo ikiwa na mchanga mwingi humong'onyoka na kuachia. Pitisha waya kwenye kibomba cha mlalo cha nyuma, ngazi ya nane au ya tisa, na uukaze kwenye skrubu. Viatu vizito, yaani mabuti ya kazi yanayofika kilo moja na nusu hadi mbili kwa jozi, vikae chini. Au, jambo bora zaidi, ligawe: viungio vikiwa vizima, la ngazi kumi linatoa mawili ya ngazi tano, moja la mlangoni na moja la chumbani. Joho litabidi likatwe au liachwe, na miguu minne ya ziada unaweza kukosa. Vifuniko vya chupa za maji vinaweza kuziba nafasi hiyo.

Kinachoharibika, na kwa nini

Ukishaiondoa zipu kwenye orodha, kinachofuata ni rafu kubonyea katikati. Kitambaa ni kile kile cha mifuko mbadala iliyoenea Tanzania baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Juni 1, 2019: hakikufumwa, ni nyuzi za plastiki zilizogandishwa kwa joto. Kinavutika na hakirudi. Mwagize fundi akukatie plaiwudi ya milimita 3, sentimita 57 kwa 27, ilale juu ya vibomba viwili, juu ya kitambaa. Ngazi mbili za chini zikipata hiyo, zilizobaki zinaweza kusubiri.

Kitambaa hicho hakiwezi jua. Kabati likiwekwa barazani linakopigwa na jua la mchana, joho hukauka na kuanza kubanduka vipande vipande vinavyoshika nguo. Kivuli ni lazima. Kufua iwe kwa mkono, sabuni kidogo, bila kukamua, na kuanika kivulini. Mashine ya kufulia hulitoa limejaa manyoya.

Halafu kuna suala la hewa, ambalo wauzaji hawaligusi na ndilo linalotofautisha nyumba ya Dodoma na ya Dar es Salaam. Bara kwenye vumbi, joho ni msaada mkubwa: lifunge, likung'ute kila wiki. Pwani, hasa kipindi cha masika kuanzia Machi hadi Mei, joho lililofungwa huwa chumba cha kuoteshea ukungu, na viatu vya ngozi na mikoba hupata ule unga wa kijani na mweupe ndani ya siku chache. Joho la kitambaa linapumua kiasi. Lile la plastiki inayong'aa, ambalo linaonekana zuri zaidi dukani, halipumui kabisa na halifai pwani. Acha zipu wazi usiku. Kiatu kilichotoka mguuni kikae nje ya kabati hadi asubuhi, na kilicholowa mvua kisiingie mpaka kikauke kwa kivuli, kikiwa kimejazwa magazeti ndani. Mkaa mkavu uliofungwa kwenye kitambaa unapunguza harufu kwa muda, lakini hautashinda viatu vinavyofungiwa vikiwa na joto la mguu. Kwenye maeneo yenye nge, kung'uta kiatu kabla ya kuvaa kunabaki pale pale, zipu au bila zipu.

Vitu vingine vya mlangoni visiingizwe humu. Mwavuli unaochuruzika ndani ya joho utamaliza kila kitu kwa kutu. Ndoo ndogo ya nje inautosha. Helmeti ni pana kuliko uwazi wa ngazi. Mabegi ya shule, mtandio au khanga ya kutokea haraka, kofia na funguo vyote vinataka ndoano. Ubao mmoja wa sentimita 80 wenye ndoano tano juu ya kabati la ngazi tano unakaa vizuri kabisa, na hili ni jambo lingine ambalo la ngazi kumi linakunyima, maana limekula ukuta wote. Ndoano za watu wazima ziwe kimo cha sentimita 160 kutoka sakafuni, za watoto 100 hadi 110 na pembeni ya kabati, si juu yake. Mtoto akiwekewa ndoano asiyoifikia, begi litalala chini milele.

Kwenye korido ya upana wa mita 1.2, kabati la kina cha 30 linaacha sentimita 90 za kupita. Inatosha. Kwenye chumba kimoja cha kupanga, nyuma ya mlango, fungua mlango mpaka mwisho na upime nafasi iliyobaki kati yake na ukuta. Ikiwa chini ya 32, kitasa kitalitoboa joho.

Seremala, na yale membamba ya kukunjua

Aliye na nyumba yake na hahami, pesa yake inakwenda mbali zaidi kwa seremala, Keko kwa Dar es Salaam au Gikomba kwa Nairobi. Ubao mmoja wa plaiwudi ya milimita 18, ule wa sentimita 244 kwa 122, unatosha kabati lisilo na milango la upana wa 80, kina 35 na kimo cha ubavu 120, lenye rafu nne ndani. Ukatwe vipande vitatu virefu vya upana wa 35: cha kwanza kinatoa mbavu mbili, cha pili kinatoa juu, chini na rafu moja, cha tatu rafu tatu za sentimita 76.4. Kinabaki kipande cha kama sentimita 16, ambacho ndicho cha kuinulia kabati lisiguse maji ya deki na cha kulifungia ukutani. Milango inahitaji ubao wa pili, na kusema kweli haihitajiki. Pazia la kitenge linafanya kazi ile ile na kuruhusu hewa. Kina cha 35 kinameza hata namba 45. Kataa chipubodi, ule ubao wa chenga za mbao zilizogandishwa, kwa mlangoni, hata yenye sura nzuri ya laminati. Maji yakipata ukingo usiozibwa inavimba, na ikishavimba hairudi. MDF, ubao wa nyuzi laini za mbao zilizogandishwa, nayo ina ugonjwa huo huo usipoipaka rangi kila upande, na mafundi wengi huuacha upande wa chini bila rangi kwa sababu hauonekani.

Wasomaji walio Ulaya na Ghuba wanaijua aina ya tatu, makabati membamba ya kukunjua mlango kwa mbele, mfano TRONES ya IKEA ambayo ni ya plastiki na ina kina cha sentimita 18 tu. Kwa korido finyu hakuna linaloshinda. Viatu vinasimama wima ndani, kwa hiyo mabuti hayaingii, mchuchumio unagoma, na tope lililokauka linadondoka hadi chini. Na ni la kufungwa ukutani lazima. Plastiki haina kutu, jambo ambalo lingelifaa sana pwani yetu.

Ukirudi kwenye lile la bomba: dukani usikubali boksi lililofungwa. Lifunguliwe. Hesabu viungio, maana ndivyo vinavyopungua na haviuzwi peke yake. Chukua kibomba kimoja ukichomeke kwenye kiungio kwa mkono, kisha ugeuze kiungio kielekee chini: kibomba kikidondoka chenyewe, rudisha boksi zima. Chungulia ncha ya bomba. Unene wa chuma ukilingana na wa bati la kopo la maziwa ni wa kawaida, lakini ukiweza kulibonyeza duara kwa vidole viwili, ni jembamba mno. Vuta zipu ya joho hadi mwisho na kurudi mara tatu. Anayenunua mtandaoni amwambie muuzaji amtumie video ya hatua hizo kabla hajalipa; muuzaji anayeuza mia kwa mwezi hatashangaa kuombwa.